Gharama za chuo kikuu binafsi: jinsi ya kupiga hesabu mpaka cheti kabla hujalipa chochote

Kila msimu wa udahili ukifika swali ni lilelile, chuo fulani ada yake kiasi gani, na anayejibu anatoa namba moja halafu mzazi anaishika hiyo namba anaanza kuuza vitu au kukopa akiamini ndiyo gharama yenyewe. Sasa ile namba ni ada ya kufundishwa tu, tena ya mwaka wa kwanza tu, mara nyingi hata mitihani haimo. Gharama ya kweli ni pesa yote itakayotoka kuanzia fomu ya maombi mpaka siku kijana anashika cheti chake, na kipindi cha hatari sio mwaka wa kwanza, ni wa pili na wa tatu, akiba imeshaisha, waliochangia wameshachoka na ada nayo imepanda. Mtu akiishia hapo katikati pesa imeenda, miaka imeenda na cheti hana, kwangu mimi hakuna hasara mbaya kama hiyo ndio maana nasisitiza sana hesabu ipigwe mapema.

Humu nitatumia namba 100 kama ada ya mwaka wa kwanza ili kila mtu aweke pesa ya kwao. Ukiona nimesema 15 jua ni asilimia 15 ya ada ya mwaka, basi. Chukua daftari au fungua eksel twende.

Hatua ya 1: Hakiki chuo kwanza, hesabu baadaye

Kabla hujauliza bei ingia kwenye tovuti ya mamlaka inayosimamia vyuo vikuu vya nchi husika uangalie vitu viwili tofauti. Cha kwanza chuo kina ithibati (kibali rasmi kwamba kimekidhi viwango) inayoendelea? Cha pili, ile kozi yenyewe unayoitaka imeidhinishwa? Watu wengi wanaangalia cha kwanza wanaacha cha pili, unakuta chuo ni halali kabisa ila kozi mpya waliyoianzisha bado haijapitishwa. Kama ni kozi ya taaluma yenye bodi yake, mfano udaktari, uuguzi, famasia, sheria, uhandisi au uhasibu, kuna swali la tatu la kuwauliza bodi wenyewe: mhitimu wa chuo hiki mnamsajili? Usiwaulize chuo, waulize bodi.

Angalia pia chuo kinamilikiwa na nani na kinaendeshwaje. Kuna vyuo binafsi vya taasisi za dini na wakfu ambavyo havigawi faida kwa mtu, na kuna vyuo ambavyo ni kampuni kabisa, ina wenye hisa wanaotaka gawio. Sisemi vya kampuni vyote vibaya, ila chuo binafsi cha aina yoyote kinaweza kufunga mlango kama kampuni nyingine zinavyofunga. Marekani kampuni ya vyuo ya Corinthian Colleges walifunga matawi yao yaliyobaki Aprili 2015, na Septemba 2016 wenzao wa ITT Technical Institute waliokuwa na kampasi zaidi ya 100 nao wakafunga zote kwa mpigo, wanafunzi wakabaki na mikopo na masomo nusu. Kwa hiyo uliza: chuo kikifungwa au kozi ikifutwa, wanafunzi wanahamishiwa wapi, na rekodi zao za matokeo anazitunza nani? Chuo chenye majibu kitakujibu bila kubabaika.

Hatua ya 2: Omba mchanganuo kamili kwa maandishi

Hapa ndipo penye kazi kwa hiyo usipaharakishe. Usikubali namba ya mdomo ya simu, usikubali bango, usikubali ya wakala (mawakala wengi wa udahili wanalipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi wanayemleta, kwa hiyo anakwambia yanayokufanya ujiunge). Andikia ofisi ya fedha ya chuo kwa barua pepe iliyopo kwenye tovuti yao rasmi. Kama hujui uanzeje copi hii hapa ubadilishe unavyotaka:

"Ndugu Mhasibu, habari za kazi. Nimepata nafasi kwenye programu ya ______. Kabla sijathibitisha naomba kujua kwa maandishi: (1) ada na michango yote ya kila mwaka kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ikiwemo usajili, mitihani, maabara, maktaba, tehama, umoja wa wanafunzi, bima ya afya na kitambulisho, (2) michango ipi inalipwa mara moja tu na ipi inajirudia kila semesta, (3) ada imebadilika mara ngapi kwa miaka mitano iliyopita na kwa kiasi gani, na je mwanafunzi anayeendelea anapandishiwa au anamaliza na ada aliyoanza nayo, (4) gharama za mafunzo kwa vitendo, kusimamiwa tasnifu, mtihani wa kurudia, somo la kubeba na kuchelewa kusajili, (5) utaratibu wa kulipa kwa awamu, tarehe zake na faini ya kuchelewa, (6) utaratibu wa kurudishiwa pesa mwanafunzi akiahirisha au akiacha masomo, (7) gharama za kuhitimu. Natanguliza shukrani."

Swali la 3 ndilo lenye pesa nyingi na ndilo watu hawaulizi. Kuna vyuo vinamhakikishia mwanafunzi kwamba ada aliyoanza nayo ndiyo atakayomaliza nayo, na kuna vinavyopandisha kila mwaka kwa wote waliopo. Chuo cha ada 110 isiyopanda kwa miaka minne ni 440. Chuo cha ada 100 inayopanda asilimia 8 kila mwaka kinaenda 100, 108, 116.6 halafu 126, jumla 451. Yaani kile kilichoonekana cha bei nafuu ndicho ghali.

Uliza pia wanachaji kwa mwaka au kwa krediti, yaani pointi ambazo kila somo limepewa kulingana na uzito wake. Kama ni kwa krediti chukua idadi ya krediti zote za kuhitimu uzidishe kwa bei ya krediti moja, usihesabu kwa semesta maana semesta moja inaweza kuwa na krediti 12 nyingine 20. Vipo pia vyuo vinavyochaji bei moja ndani ya kiwango fulani, mfano krediti 12 hadi 18 bei ni ileile, hapo ukiweza kubeba 18 bila kufeli unamaliza mapema kwa pesa ileile. Ila usijibebeshe mzigo ukafeli masomo mawili, utalipa kurudia na faida yote imepotea.

Kama ada imetajwa kwa pesa ya kigeni huku nyumbani mnapata kipato kwa pesa ya kwenu, weka nyongeza ya pembeni kwa ajili ya mabadiliko ya thamani, binafsi naona asilimia 10 hadi 15 kwa mwaka ni ya busara.

Barua ikijibiwa itunze, ukija kuambiwa kuna mchango mpya ambao haukuwemo unakuwa na cha kuonyesha. Wasipojibu kabisa baada ya kukumbusha mara mbili, jiulize watakujibuje ukiwa umeshalipa.

Hatua ya 3: Andika yale ambayo chuo hakikuandikii

Karatasi ya ada inaishia getini. Kuna maisha. Malazi ndiyo makubwa: hosteli ya chuo au chumba cha kupanga, na chumba cha kupanga kina kodi ya miezi kadhaa mbele, dhamana ya mwenye nyumba, godoro, sufuria, jiko, umeme na maji. Jambo moja linasahaulika sana, kodi ya nyumba ni miezi 12 wakati hosteli nyingi zinachaji kwa muda wa masomo tu, kwa hiyo linganisha kwa mwaka mzima sio kwa mwezi. Chakula hesabu kwa siku ukizidisha kwa siku atakazokuwa chuoni. Usafiri ni wa aina mbili, wa kila siku kwenda darasani na wa likizo kurudi nyumbani, huu wa pili ukiwa wa mbali unauma.

Halafu laptopu, bando la intaneti, vitabu, kuprinti na fotokopi, dawa, nguo, simu ikiharibika. Kozi zingine zina vifaa vyake: udaktari na uuguzi kuna koti, stetoskopu na sare, usanifu majengo kuna kompyuta yenye nguvu na vifaa vya kutengeneza modeli, na hizo modeli zinakula pesa kila semesta. Usikae kukisia, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo kwenye chuo hichohicho umuulize kwa upole mwaka jana alitumia ngapi kwa vitu ambavyo havimo kwenye karatasi ya ada. Ukipata wanafunzi watatu picha inakamilika kuliko kipeperushi chochote.

Mafunzo kwa vitendo nayo yana mtego wake. Chuo kinaweza kukuchaji ada ya kusimamiwa, na wewe huko unakopangiwa unaishi kwa pesa yako, huku chumba cha chuoni unaendelea kukilipia. Kwa kozi zenye fildi ndefu hili ni fungu zima linalojitegemea.

Anayekwenda nchi nyingine ongeza viza, kibali cha mwanafunzi, vipimo vya afya, bima, tiketi, tafsiri na uthibitisho wa vyeti, na nchi nyingi zinataka uonyeshe una pesa ya kujikimu mwaka mzima kabla hawajakupa kibali. Hiyo pesa ya kuonyesha usiikope kwa mtu wa siku tatu, wakigundua unanyimwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka yote kwa pamoja

Sasa weka kila kitu kwenye jedwali moja, mistari ni gharama, safu ni miaka. Mfano wa kuigiza: ada 100, michango mingine 15, maisha 90, mwaka wa kwanza jumla 205. Ukiweka kupanda kwa asilimia 5 kila mwaka kwa miaka minne unapata kama 884, ongeza vya mara moja kama laptopu, usajili na mahafali tuseme 25, inakuja 909. Aliyesikia "ada ni 100" akazidisha mara nne alijiandaa kwa 400. Hiyo tofauti ya 509 ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani.

Baada ya hapo ongeza safu moja ya ziada, semesta moja ya akiba. Programu ya miaka minne sio wote wanaimaliza kwa minne, kuna kuugua, kuna somo linalofundishwa mara moja kwa mwaka ukilikosa unasubiri, kuna tasnifu inayochelewa. Kama hiyo semesta haitatumika ni pesa ya kuanzia maisha.

Jedwali likikamilika linganisha vyuo viwili au vitatu kwa mstari wa mwisho tu. Chuo cha ada 100 kilicho mbali kinaweza kuwa 205 kwa mwaka, na chuo cha ada 120 kilicho karibu ambapo anatokea nyumbani kikawa 165. Na urefu wa kozi nao ni pesa, Uingereza University of Buckingham, chuo binafsi kilichopata hati ya kifalme mwaka 1983, kinajulikana kwa shahada ya miaka miwili, mwanafunzi anasoma karibu mwaka mzima bila likizo ndefu. Ada ya mwaka inaonekana kubwa ila anaokoa mwaka mzima wa kodi na chakula na anaanza kazi mapema. Huwezi kuyaona hayo kwa kuangalia ada peke yake.

Hatua ya 5: Punguzo na skolashipu, soma masharti mara mbili

Vyuo binafsi vingi bei wanayotangaza sio wote wanailipa. Marekani hili limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba vyuo binafsi visivyo vya faida kwa wastani vinasamehe zaidi ya nusu ya ada kwa wanafunzi wanaoanza, na tangu Oktoba 2011 sheria inavilazimisha vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha kukisia bei halisi kwa familia yako. Kwingine punguzo lipo ila hawalitangazi. Uliza wazi: kuna punguzo la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo? La ndugu wawili chuo kimoja? La ufaulu? La watoto wa watumishi au waumini wa taasisi inayomiliki chuo? La wanaotoka diploma? Kuuliza sio aibu na sio kuomba sadaka.

Ukipewa skolashipu kabla hujashangilia pata majibu haya. Asilimia 50 ya nini, ya ada tu au ya gharama zote? Mara nyingi ni ya ada tu, kwa hiyo kwenye mfano wetu wa 205 punguzo ni 50, bado unalipa 155. Ni ya mwaka mmoja au miaka yote? Inahitaji GPA (wastani wa alama za masomo yote) ngapi, na wangapi waliopewa mwaka jana bado wanayo? Hili la mwisho liulize kweli, kuna skolashipu zenye kiwango kikali ambazo nusu ya darasa wanazipoteza mwaka wa kwanza na mzazi anaanza kulipa ada nzima bila kujiandaa.

Na hii wengi hawaioni: skolashipu ni asilimia au ni kiasi maalum? Tuseme wamekupa 40 kila mwaka na ada ni 100, unalipa 60. Ada ikipanda asilimia 8 kila mwaka, mwaka wa nne ni 126, skolashipu bado 40, unalipa 86. Ada imepanda asilimia 26 lakini wewe kinachotoka mfukoni kimepanda asilimia 43. Kwa hiyo omba iwe asilimia, na kama hawataki basi hesabu yako ifuate ukweli huo.

Jambo lingine, ukipata ufadhili wa nje waulize chuo kama watakata wa kwao. Vipo vyuo ukileta 30 kutoka nje wanapunguza 30 yao, unabaki palepale. Wengine wanakubali kukata kwenye sehemu ya mkopo badala ya msaada, ila mpaka uombe.

Na rufaa ipo. Kama hali imebadilika, mzazi kafukuzwa kazi, kuna ugonjwa au msiba, andika barua fupi yenye vielelezo, taja kiasi kamili unachoweza kulipa na kiasi kinachopungua. Barua inayosema "tunaweza 130 kwa mwaka, pengo ni 25" inafanyiwa kazi kuliko kurasa tatu za kulalamika bila namba.

Hatua ya 6: Mkopo, uone deni la mwisho sio la leo

Anza na mkopo wa serikali kama upo na kama chuo binafsi kinaruhusiwa, kawaida masharti yake ni laini kuliko ya benki. Maswali ni manne: riba inaanza kuhesabika lini, inapanda au haipandi, marejesho yanaanza lini, na nani anadaiwa ukishindwa.

Lile la kwanza linabadilisha kila kitu. Ukikopa 100 kila mwanzo wa mwaka kwa miaka minne, jumla 400, riba asilimia 10 kwa mwaka, miaka 10 ya kulipa kila mwezi. Kama riba inaanza baada ya kuhitimu utarudisha jumla kama 634. Kama riba inaanza siku ya kwanza na kujazana juu ya deni, siku unahitimu tayari unadaiwa karibu 511, na ukimaliza kulipa utakuwa umetoa kama 810. Mkopo uleule, riba ileile, tofauti ni lini ilianza kuhesabika tu. Ukiweza kulipa riba peke yake wakati unasoma, hata kidogokidogo, lipa.

Ipo mipango mingine, Ujerumani chuo binafsi cha Witten/Herdecke tangu 1995 kina utaratibu ulioanzishwa na wanafunzi wenyewe, unasoma kwanza halafu unalipa baadaye kwa asilimia ya kipato chako. Ukikutana na mpango wa aina hiyo popote angalia asilimia, idadi ya miaka, na kama kuna kikomo cha jumla utakayolipa. Bila kikomo usisaini.

Mdhamini naye aelezwe ukweli wote. Mjomba au shangazi anayesaini hajakusindikiza tu benki, ukishindwa wewe analipa yeye, kwa hiyo ana haki ya kuona jedwali lako lote.

Hatua ya 7: Kalenda ya pesa

Kuwa na pesa ya kutosha kwa mwaka haitoshi kama haifiki tarehe inayotakiwa. Chora miezi 12, juu andika tarehe za chuo, chini andika pesa inaingia lini nyumbani, iwe ni mshahara, mavuno au biashara. Mwezi ambao vinapishana ndio mwezi wa hatari, maana vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuingia mtihani au kuona matokeo akiwa anadaiwa, na kukosa mtihani kunazaa kurudia somo na kurudia somo kunazaa semesta ya ziada. Nenda ofisi ya fedha mwanzoni mwa semesta ukaombe awamu zinazofuata kipato chenu, sio wiki ya mtihani wakati foleni imefika nje. Makubaliano yaandikwe na yagongwe muhuri.

Hatua ya 8: Siku ya kulipa

Lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo tu, kamwe sio ya mtu hata akiwa na kitambulisho cha chuo. Namba ya akaunti ihakiki kwa kupiga simu iliyopo kwenye tovuti rasmi, sio ile iliyoandikwa kwenye ujumbe uliotumiwa. Andika jina na namba ya mwanafunzi kwenye malipo, piga picha risiti, itunze sehemu mbili, na kila mwisho wa semesta omba taarifa ya akaunti ya mwanafunzi ulinganishe. Malipo kutoonekana kwenye mfumo ni jambo la kawaida mno, mwenye risiti anamaliza kwa siku moja.

Soma utaratibu wa kurudishiwa kabla hujaachia pesa ya kushika nafasi. Kawaida kuna ngazi, ukiacha kabla masomo hayajaanza unarudishiwa sehemu kubwa, kadiri wiki zinavyopita inapungua mpaka inafika sifuri, na ada ya maombi na ya kushika nafasi mara nyingi hairudi kabisa. Sheria za nchi zinaweza kukulinda zaidi ya masharti ya chuo. Japani Mahakama Kuu Zaidi mwaka 2006 iliamua kwamba mwanafunzi anayejitoa kabla mwaka wa masomo haujaanza kwa ujumla arudishiwe ada ya masomo aliyotanguliza hata kama chuo kiliandika hairudishwi, ila pesa ya kuingilia chuo haikurudi. Kwa hiyo ukiandikiwa "hairudishwi" usikate tamaa, kaulize mamlaka ya vyuo au ya kulinda walaji.

Hatua ya 9: Ukiwa ndani, na pesa ikianza kuisha

Ada zilizolipwa ndio zimekupa haki ya maktaba, programu za kompyuta zenye leseni, ushauri, zahanati, kazi ndogondogo za chuo. Zitumie. Vitabu azima au nunua vya waliomaliza. Kama una diploma au ulisoma chuo kingine omba kuhamisha krediti kabla ya kusajili masomo, wiki za kwanza, kila somo linalokubaliwa ni pesa inayobaki mfukoni. Na hudhuria vipindi, kufeli somo moja kwenye chuo binafsi ni bili.

Ikitokea pesa imekata kabisa, mdogo wangu, usipotee kimyakimya. Anayepotea anaendelea kuchajiwa semesta nzima na anaweza kufutwa usajili. Andika barua ya kuahirisha masomo kabla ya tarehe ya mwisho ya semesta, pata jibu la maandishi, uliza una miaka mingapi ya kurudi na kama utarudi kwa ada ya zamani au mpya. Omba matokeo ya masomo uliyokwisha faulu hata kama ni taarifa isiyo rasmi, ukihamia chuo cha bei ndogo yatakuokoa. Uliza pia kama kuna cheti cha ngazi ya chini unachostahili kwa krediti ulizonazo, baadhi ya vyuo vinatoa diploma kwa aliyefika katikati. Na mwambie mzazi mapema, mzazi anayejua mwezi wa pili anaweza kutafuta, anayejua siku ya mtihani anabaki kuumia tu.

Hatua ya 10: Kutoka na cheti

Mwaka wa mwisho una bili zake: kuprinti na kujalidi tasnifu, ada ya kuhitimu, joho, transkripti (karatasi rasmi ya matokeo ya masomo yote), na kwa kozi za taaluma mtihani wa bodi na usajili. Mahafali ni hiari sehemu nyingi lakini ada ya kuhitimu inalipwa hata usipoenda, uliza vitenganishwe. Anza kuzungusha fomu ya kumaliza madeni mwezi mmoja kabla, maktaba, maabara, hosteli, michezo, kila ofisi isaini, kitabu kimoja kisichorudishwa kinaweza kuzuia cheti. Omba transkripti nakala mbili au tatu kwa mara moja kama bei ni nafuu hivyo, na dai zile pesa za dhamana za vifaa na hosteli ulizotoa mwaka wa kwanza, zina tarehe ya mwisho ya kudai na vyuo vingi havikukumbushi, peleka risiti ya mwanzo, namba ya akaunti na barua ya maombi, usiondoke mpaka wakugongee muhuri wa kupokea.